Shajara ya mradi: kuihudumia na kuihifadhi Seiko 6309-7040 ya mwaka 1982

Januari: kuipokea saa na kuitambua

Shajara hii inafuatilia kazi ya saa moja tu, Seiko 6309-7040 ya kupigia mbizi, mali ya mjomba wangu ambaye sehemu kubwa ya ujana wake aliimaliza melini. Aliinunua Dubai ikiwa mpya, akaivaa mpaka iliposimama, kisha ikakaa kabatini hapa Tanga miaka mingi bila kuguswa. Maneno aliyoniambia aliponikabidhi nayaweka mwanzoni kwa kuwa ndiyo yatakayoamua kila hatua: "Mjomba, nataka itembee na isiingie maji, lakini usinirudishie saa ya mtu mwingine." Kwa hiyo nimejiwekea mpaka ulio wazi. Vitu ambavyo kazi yake ni kuchakaa ili vingine visichakae, yaani mipira ya kuzuia maji, mafuta na springi kuu inayohifadhi nguvu ya saa, nitavibadilisha bila kusita. Vitu vilivyobeba umri wa saa, yaani uso, akrabu, kasha na bezeli (pete ya nje inayokizunguka kioo), nitavisafisha na kuviacha, na nitaviimarisha pale tu ambapo vikiachwa hivyo vitaendelea kuharibika.

Namba zilizochorwa nyuma ya kasha zinatosha kuitambua. Tarakimu 4 za kwanza, 6309, ni za mashine iliyomo ndani, na 4 zinazofuata, 7040, ni za kasha. Namba ya mfululizo inaanza na 2 ikifuatiwa na 4: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho katika mwaka wa kutengenezwa na ya pili ni mwezi, na kwa kuwa aina hii ilitengenezwa kati ya mwaka 1976 na 1988, 2 hiyo haiwezi kuwa ya mwaka mwingine ila 1982. Ni saa ya Aprili 1982, basi, mwaka uleule lilipotoka toleo la kwanza la ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi. Seiko walikuwa wameianza njia hiyo mwaka 1965 kwa 62MAS, saa ya kwanza ya kupigia mbizi kutengenezwa Japani, ambayo ilitajwa kuhimili mita 150, na hii ya mjomba imeandikwa kina hichohicho, ingawa kasha lake ni pana zaidi na limejaa pembeni, umbo lililowafanya wakusanyaji waiite Kasa. Gurudumu la siku lina maandishi ya Kiingereza na ya Kiarabu kwa pamoja, jambo linaloafikiana na kununuliwa kwake katika soko la Ghuba.

Hali yake siku ya kwanza ilikuwa hivi. Bezeli haikuzunguka hata kidogo. Kifundo cha kuwekea majira, ambacho katika saa hii kipo kwenye namba 4 na hufungwa kwa nyuzi kama skrubu, kilikuwa kimekwama. Kioo kilikuwa na mikwaruzo mingi na mmeguko mmoja ukingoni, mkanda wa mpira ulikuwa mkavu na umepasuka kwenye matundu, na rangi ya kung'aa gizani ilikuwa imegeuka kutoka weupe hadi rangi ya samli. Ukiitikisa karibu na sikio, unaisikia rota, kipande kizito kinachozunguka mkono unapotikisika, ikizunguka bila kikwazo, nayo ilikuwa dalili njema. Nilipiga picha kila upande, pamoja na kila alama ya kasha, kwa mwanga wa dirishani unaoingia kimshazari, kwa sababu mwanga wa aina hiyo ndio unaoonyesha mistari ya brashi ya kiwandani na mahali ilipokatika.

Nimepanga kuimaliza kabla ya masika. Sababu yake nitaieleza nitakapofika kwenye kufunga kasha.

Januari: kufungua

Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, huyeyuka kwenye maji, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoumiza kasha kwa kulazimisha bezeli kwa kisu huku wakiongeza mafuta ya kulainisha. Hata hivyo kasha haliwezi kulowekwa wakati mashine ingali ndani, hivyo bezeli ilibidi ingoje. Nilianza na mfuniko wa nyuma. Mitaro yake ilikuwa imejaa uchafu mgumu, mchanganyiko wa jasho, sabuni na vumbi, ambao niliuchokoa kwa kijiti cha mbao mpaka ncha za spana zikakaa hadi chini bila kucheza. Spana inayocheza huruka, na ikiruka huacha mkwaruzo ambao hauondoki bila kusugua chuma. Mfuniko ulilegea kwa nguvu ya kawaida.

Mpira wa mfuniko ulikuwa umegeuka kitu kigumu. Ulipokuwa mpya mkato wake ulikuwa wa duara, lakini sasa upande mmoja ulikuwa umelala bapa kabisa na ulivunjika nilipoukunja. Mpira wa namna hiyo hausukumi tena chuma cha juu wala cha chini, umekaa tu. Maji hayakuwa yameingia kwa wingi, lakini unyevu ulikuwa umepita kidogokidogo: kulikuwa na kutu ya hudhurungi kwenye ukingo wa ndani wa mfuniko, na madoa machache kwenye skrubu za upande wa kalenda.

Kifundo kililegea baada ya kuwekewa tone la mafuta membamba shingoni na kuachwa usiku kucha, kikageuzwa kwa vidole huku kimekamatwa na kipande cha ngozi. Nyuzi zake zimechakaa lakini bado zinakamata. Mashine ikatoka, nikaiweka kwenye kishikio, na kabla ya kugusa chochote nikaipima kwenye mashine ya kupimia mwendo. Baada ya kutikiswa kwa muda iliweza kutembea, lakini bembeo la balansi, gurudumu linalokwenda huku na huku kupima muda, halikuzidi nyuzi 150 na mstari kwenye skrini ulitawanyika kama mchanga. Hakukuwa na haja ya kupima zaidi. Mafuta yalikuwa yamekufa.

Februari: mashine

Mashine ya 6309 ni kitu cha kuheshimiwa kwa unyofu wake. Ina vito 17, vijiwe vigumu vya kupunguza msuguano, hupiga mara 21,600 kwa saa, na hujitia ufunguo kwa rota peke yake. Haina njia ya kutiwa ufunguo kwa kifundo, wala sekunde zake hazisimami ukikivuta. Moyo wa kujitia ufunguo ni wenzo wenye mikono miwili ambao Seiko walianza kuutumia mwaka 1959. Wenzo huo umekaa juu ya pini iliyo kando ya kitovu cha gurudumu la rota, na gurudumu hilo likizunguka upande wowote, mkono mmoja huvuta meno ya gurudumu la kutilia nguvu na mwingine huyasukuma, yote yakielekea upande mmoja. Kwa vipande vichache sana, kila mtikisiko wa mkono wa mvaaji hugeuka kuwa nguvu ya springi. Meno ya gurudumu hilo niliyakagua kwa lenzi kubwa kuliko kawaida, kwa kuwa ni ya shaba na mikono ya wenzo ni ya chuma kigumu, na nilifurahi kuona bado yana ncha.

Nguvu ya springi iliachiliwa kwanza, kisha zikatoka rota, daraja la rota, balansi, uma (wenzo mdogo unaoisukuma balansi), daraja la magurudumu na magurudumu yenyewe, kila kundi kwenye kikombe chake. Upande wa kalenda ndio ulionishughulisha. Skrubu moja inayoshika sahani ya pete ya tarehe ilikuwa imeliwa na kutu mpaka kichwa kikakatika mara tu bisibisi ilipoigusa, na mwili wake ukabaki ndani ya bamba kuu.

Kwa mkasa huu dawa inapatikana kwenye duka lolote la viungo sokoni: shabu. Maji ya moto yaliyoyeyushwa shabu hadi yasikubali tena hula chuma polepole na kugeuza skrubu kuwa unga mweusi, lakini hayaigusi shaba, na bamba kuu la mashine hii ni la shaba lililopakwa nikeli. Njia ya kawaida ni kuling'oa kila kipande cha chuma na kulizamisha bamba zima. Sikuipenda njia hiyo hapa, kwa sababu kuna pini zilizopigiliwa kwenye bamba ambazo sikutaka kuzihatarisha. Badala yake nilizungushia tundu lile ukuta mdogo wa nta ya nyuki, nikaudondoshea maji ya shabu yenye joto kwa sindano nyembamba, na kuyabadilisha kila yalipopoa. Mapovu madogo sana yalianza kupanda kutoka kwenye chuma, moja baada ya jingine, na ndiyo dalili ya kwamba kazi inaendelea. Kilichobaki mwishoni kilichokoka kwa ncha ya kijiti, na nyuzi za tundu zilionekana safi, zikaipokea skrubu mpya bila kukataa. Bamba lilisuuzwa kwa maji, kisha kwa spiriti, na kukaushwa mara moja.

Vipande vingine vyote viliingia kwenye mashine ya kuoshea kwa mitetemo, kwanza katika sabuni maalumu ya saa na baadaye katika misuuzo miwili. Balansi na uma havikai humo muda mrefu, kwa kuwa vito vya uma hushikwa na gundi inayoweza kulainika kwenye spiriti. Matundu yote ya vito yalichokolewa kwa kijiti cha mti laini kilichochongwa upya kila kilipochafuka. Mafuta ya zamani yalitoka yakiwa ya rangi ya kahawa, yanata kama gundi. Mhimili wa balansi ni mzima, ncha zake zinang'aa, na kwa saa iliyokaa mkononi mwa mtu wa meli sishangai kuwashukuru waliobuni vizuizi vya mshtuko vya Diashock.

Februari: uso na akrabu

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye mashine, na sehemu kubwa ya muda huo niliutumia kutofanya kitu. Uso mweusi wa saa hii una madoa mawili hafifu karibu na namba 7, na vidoa vyake vya kung'aa vimekuwa na rangi ya samli vyote kwa kiasi kinachofanana, isipokuwa kimoja chenye ufa. Inauzwa bidhaa ya kila aina inayoahidi kuurudisha uso kama ulivyokuwa, na zipo nyuso mpya kabisa za kuigiza. Mtu akitaka saa yenye sura mpya, ni haki yake. Ila uso ni sehemu ambayo ikishafutwa hakuna anayeweza kuirudisha. Herufi zake zilichapwa kwa wino mzito unaosimama juu ya rangi, na ukipitisha unyevu juu yake kwa nia ya kufuta doa, unaweza kuondoka na neno zima. Uso ulipulizwa kwa mpira wa mkono, vumbi likaondolewa kwa gundi laini ya kugusa, na kazi ikaishia hapo. Kidoa chenye ufa kilijaribiwa kwa ncha ya unywele chini ya lenzi. Hakikutikisika, hivyo hakikuguswa tena.

Akrabu zilikuwa na hali tofauti. Rangi ya kung'aa katika akrabu haikupakwa juu ya bamba kama kwenye uso, bali imetandazwa kwenye tundu kama kioo dirishani, na katika akrabu ya dakika ilianza kumeguka ukingoni. Chembe ikianguka ndani ya mashine inaweza kuingia kati ya meno na kuisimamisha saa, kwa hiyo hapa kuimarisha si mapambo. Niliigeuza akrabu, nikaweka upande wa nyuma tone dogo la vanishi isiyo na rangi iliyozimuliwa sana, likanywewa na unga ule na kuushika. Upande wa mbele haukubadilika rangi wala kupata mng'aro. Haitang'aa tena gizani kwa muda wa kumfaa mpiga mbizi, na mjomba amelikubali hilo.

Februari: kasha, bezeli na kioo

Kasha likiwa tupu, sasa liliweza kulowekwa. Maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, yakibadilishwa asubuhi na jioni, yalianza kutoa chumvi na udongo mweupe chini ya bezeli, na siku moja bezeli ikasogea yenyewe nilipoibonyeza kwa gumba. Ilipong'olewa, nilikuta mpira wake umekuwa kama kamba kavu. Kijipira cha chuma na springi yake ndogo, ambavyo ndivyo vinavyotoa ule mlio wa kukwama kila bezeli inapozungushwa, vilikuwa bado kwenye tundu lao. Kijipira hicho ni kidogo kuliko punje ya mtama, na anayefungua bezeli ya aina hii bila kukitarajia hukipoteza kabla hajajua kilikuwepo. Bezeli hii huzunguka pande zote mbili, tofauti na saa za kupigia mbizi za leo ambazo huzunguka upande mmoja tu ili ikigongwa kwa bahati mbaya ipunguze muda uliobaki na isiuongeze.

Swali la kusugua kasha lilijibiwa mapema, lakini naliandikia sababu kwa kuwa kila anayeiona saa hii hunishauri niing'arishe. Juu ya kasha kuna mistari ya brashi, pembeni pamepolishiwa, na kati ya nyuso hizo mbili pana ukingo mkali unaozunguka kasha zima. Gurudumu la kung'arisha haliondoi mkwaruzo. Huondoa chuma kilichouzunguka mpaka kilingane na kina cha mkwaruzo, na kitu cha kwanza kuyeyuka ni ukingo huo. Kasha lililong'arishwa mara mbili tatu huwa na mabega ya sabuni iliyotumika. Mikwaruzo ya kasha hili ni ya ngazi za meli na mageti ya bandari, haipitishi maji mahali popote, na itabaki.

Kioo ni jambo jingine. Ni cha Hardlex, kioo cha madini kilichoimarishwa cha Seiko, na mikwaruzo ya katikati ningeiacha kwa sababu ileile. Lakini mmeguko wa ukingoni, karibu na namba 10, uko mahali hasa ambapo mpira wenye umbo la L hukibana kioo, na mpira hauwezi kuziba pengo lisilo na chuma wala kioo cha kulisukuma. Kioo kilibadilishwa kwa kipya cha madini chenye vipimo vilevile. Cha zamani kimefungwa kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na vitu vingine vilivyotolewa. Pete inayokishikilia iliinuliwa taratibu kuzunguka pande zote na imerudishwa ileile.

Mtaro wa mpira wa mfuniko wa nyuma ndio uliokuwa na habari mbaya. Baada ya kuondoa kutu kwa brashi ya nailoni na kijiti, niliona vishimo vidogo vya kutu kwenye kitako ambapo mpira hulala, na kimoja kati yake kinakata njia ya mpira kutoka ndani kwenda nje. Chuma cha pua nacho huliwa: mahali penye maji ya chumvi yaliyotuama na yasiyopata hewa, kama chini ya mpira, ule utando mwembamba unaokilinda huvunjika na haujirudishii. Dawa kamili ni kujaza kishimo kwa kulehemu kwa leza na kuchonga kitako upya. Sikuona kwamba inafaa kwa saa hii, kwa kuwa ingeondoa chuma cha asili kingi kwa ajili ya kina ambacho mwenyewe hatakifikia tena. Nilichagua mpira mnene kidogo kuliko wa kawaida, ambao bado unatosha ndani ya mtaro bila kuzuia mfuniko kufika mwisho wake, na hukumu ya uchaguzi huo nimeiachia kipimo cha shinikizo.

Mpira wa kifundo umekaa ndani kabisa ya kifundo nyuma ya kipete cha chuma, na ulitolewa vipande vipande kwa sindano. Mipira yote mipya imepakwa grisi ya silikoni kwa kiasi cha kuifanya iteleze na kung'aa tu. Grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuuruhusu mpira ukae sawa bila kujikunja wakati mfuniko unapozungushwa.

Machi: kuunganisha, mafuta na mwendo

Springi kuu ni mpya. Katika saa inayojitia ufunguo, mwisho wa springi haukushikizwa kwenye ukuta wa kikopo chake. Huukumbatia na kuteleza springi inapojaa, ili rota isiikate. Ukuta huo unahitaji grisi ya breki katika sehemu chache tu. Ikizidi, springi huteleza mapema na saa haishiki nguvu hadi kesho.

Mafuta yaliyotumika ni Moebius 9010 kwenye mihimili ya mwendo wa haraka, mafuta mazito zaidi kwenye ile ya polepole, na 9415 kwenye vito vya uma. Mihimili ya uma yenyewe na mikono ya wenzo wa rota imeachwa mikavu. Katika vito vya balansi, tone la mafuta huonekana kupitia kito cha juu kama duara, na duara hilo halipaswi kuzidi theluthi mbili za upana wa kito. Likigusa ukingo, mafuta yote yatanyonywa kutoka mahali yanapohitajika. Vito vya Diashock hushikwa na springi nyembamba inayopenda kuruka, kwa hiyo kazi hiyo ilifanywa ndani ya mfuko wa plastiki angavu.

Balansi iliporudishwa iliondoka yenyewe kabla skrubu haijakazwa. Baada ya saa kutembea siku nzima ili mafuta yatulie, bembeo lilikuwa nyuzi 235 uso ukiwa juu na 215 hivi saa ikisimamishwa wima. Mtu aliyezoea mashine za Uswisi ataziona namba hizo ni ndogo, lakini kwa mashine hii na umri wake ni afya njema. Hitilafu ya mdundo, yaani tofauti kati ya "tiki" na "taka", ililetwa hadi milisekunde 0.4. Saa hii hupiga mara 518,400 kwa siku, na kwa sasa inatangulia kwa sekunde 8 kwa siku ikiwa imelala na kuchelewa kwa 4 ikiwa wima, tofauti ambazo mkononi zitakutana katikati. Sikuifukuza zaidi ya hapo, kwani kuchezea kidole cha kurekebishia kwa ajili ya sekunde mbili tatu ni kuitafutia springi ya nywele, ile nyembamba inayoirudisha balansi, madhara bure.

Machi: kipimo cha shinikizo na kufunga

Kasha lilipimwa likiwa tupu, bila mashine, na bila bezeli, kwa sababu hewa iliyojificha chini ya bezeli hutoa mapovu yanayodanganya. Chombo changu ni bomba nene la plastiki angavu lenye pampu ya mkono, kinachofika bar 6. Kasha huning'inizwa katika hewa iliyo juu ya maji, hewa hiyo hushindiliwa na kuachwa dakika kadhaa ili kama kuna mwanya iingie ndani, kisha kasha huzamishwa na shinikizo kupunguzwa polepole. Penye mwanya, hewa iliyoingia hutoka kwa mfululizo wa mapovu, na hapo kasha hutolewa majini upesi kabla shinikizo halijaisha, la sivyo litavuta maji. Kwa mpira wa unene wa kawaida, uliowekwa kwa kulinganisha, ulionekana uzi mwembamba wa mapovu mfunikoni, mkabala na kile kishimo. Kwa mpira mnene hakukuwa na povu hata moja, wala kwenye kifundo, wala kwenye kioo.

Sasa suala la masika. Hewa ya Tanga yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 hubeba karibu gramu 22 za maji katika kila mita ya ujazo, na ikipoa hadi nyuzi 24 hivi huanza kutoa umande. Saa iliyofungwa katika hewa hiyo itaonyesha ukungu chini ya kioo mara mvaaji anapoingia kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na atadhani mipira inavuja hali maji yalifungiwa ndani na fundi. Kwa hiyo kasha, mashine na mfuniko vililala usiku kucha kwenye chombo kilichofungwa pamoja na chembe za silika za kunyonya unyevu zilizokaushwa upya jikoni, na mfuniko ulikazwa asubuhi ya upepo mkavu wa kaskazi, haraka, chini ya taa yenye joto. Baadaye saa ilipashwa moto hadi nyuzi 45, kioo kikawekewa tone la maji baridi, na tone lilipofutwa kioo kilikuwa safi upande wa ndani.

Machi: makabidhiano

Mkanda ni mpya, wa mpira wenye mikunjo, wa milimita 22, na umeshikwa na pini nene za asili za Seiko ambazo zilikuwa nzima. Mjomba alipoipokea aliigeuza siku kwenye Kiarabu kabla hata ya kuweka majira.

Nimemweleza kwa uwazi kwamba asizame nayo. Kina cha mita 150 ni sawa na shinikizo la bar 15 hivi, na ISO 6425 hutaka saa ipimwe kwa shinikizo lililozidi kina chake kwa robo nzima. Mimi nimefika bar 6, kwenye kasha lenye kitako kilicholiwa na kutu. Mvua, kunawa na kuvuka maji ya magotini ni sawa, mradi kifundo kimekazwa na saa isuuzwe kwa maji baridi ya bomba kila ikiguswa na chumvi. Bezeli izungushwe duara zima mara kwa mara hata kama hana cha kupima, ili chumvi isipate pa kutulia.

Ndani ya kisanduku alichokabidhiwa kuna kioo cha zamani, springi kuu iliyotolewa, mkanda uliopasuka, vipande vya mipira ya zamani, picha za kabla na baada, na karatasi yenye unene wa mpira wa mfuniko uliotumika pamoja na mchoro wa mahali kishimo kilipo, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yangu. Mipira ipimwe tena kabla ya masika yajayo. Mafuta yatafaa kuangaliwa baada ya miaka 5 hivi, au mapema zaidi iwapo bembeo litashuka chini ya nyuzi 200.